Kila mwalimu apewe akaunti yake mwenyewe

Shule nyingi za upili nchini siku hizi huweka alama za mitihani, karo na mahudhurio ya wanafunzi katika tarakilishi. Ghala hilo la taarifa, ambalo wataalamu huliita hifadhidata, hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Kemia huingiza alama akiwa maabarani, mhasibu hutazama karo ofisini mwake, naye mwalimu wa darasa huchapisha ripoti za kufungia muhula. Ni maendeleo ya kupongezwa. Hata hivyo, lipo suala moja ambalo aghalabu halizungumzwi mpaka mambo yaharibike: ni nani anayeruhusiwa kuingia katika ghala hilo, aingie kwa jina gani, na akishaingia aruhusiwe kufanya nini?

Shule nyingi huliacha suala hilo mikononi mwa fundi aliyeleta programu. Fundi naye, kwa kuwa ana haraka ya kwenda shule nyingine, hufungua akaunti moja, huipa neno la siri jepesi, na kumkabidhi mhazili. Baada ya wiki mbili neno hilo hujulikana na walimu wote, na baada ya muhula mmoja huenda likawa limebandikwa ukutani karibu na mashine. Nionavyo mimi, hilo ni kosa kubwa, na kulirekebisha si kazi ya fundi bali ni kazi yetu sisi walimu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliofundisha katika enzi za daftari la alama twaelewa vizuri maana ya msemo huo. Daftari lile lilikuwa na ulinzi ambao hatukuwa tukiufikiria. Kila mwalimu alikuwa na mwandiko wake. Aliyefuta 38 akaandika 58 aliacha kovu kwenye karatasi, na mkuu wa idara akilitazama aliuliza, "Hapa kulikuwa na nini?" Wino, mwandiko na sahihi vilikuwa mashahidi watatu waliolala ndani ya daftari usiku na mchana.

Tarakilishi haina mwandiko. Alama 58 iliyoandikwa na mwalimu wa somo na alama 58 iliyoandikwa na mdanganyifu hufanana kama shilingi kwa ya pili. Kovu halionekani. Kitu pekee kinachoweza kuchukua nafasi ya mwandiko ni akaunti ya mtumiaji: jina ambalo mtu mmoja tu hulitumia, na ambalo mashine hulinakili pamoja na saa na tarehe kila anapobadilisha jambo. Akaunti, kwa hiyo, ndiyo sahihi ya mtu. Shule inayowapa walimu 40 akaunti moja imewapokonya walimu wote 40 sahihi zao.

Nimeshuhudia matokeo ya hali hiyo. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, alama za Hesabu za wanafunzi wanne zilipatikana zimepanda ghafla siku moja kabla ya ripoti kuchapishwa. Mashine ilipoulizwa ni nani aliyezibadilisha, ilijibu kwa uaminifu kwamba ni "ofisi", kwa maana kila aliyeingia humo aliitwa "ofisi". Kidole kilielekezwa kwa mwalimu kijana aliyekuwa wa mwisho kuonekana katika chumba cha tarakilishi jioni ile. Hapakuwa na ushahidi wa kumtia hatiani, wala hapakuwa na ushahidi wa kumtakasa. Aliomba uhamisho, akaondoka na doa ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha wala kulifuta. Wanafunzi wale wanne nao walimaliza shule wakinong'onwa, ingawa huenda hata mmoja wao hakuwa na habari.

Nalieleza tukio hilo kwa sababu watu wengi hudhani kwamba maneno ya siri yamewekwa ili kuwazuia wezi wa nje. La hasha! Kwanza kabisa yamewekwa ili kumlinda mtu mwaminifu aliye ndani. Mwalimu mwenye akaunti yake anaweza kusema, "Tazameni, mimi sikuingia usiku ule," na mashine ikamwunga mkono.

Jambo hili ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mnamo 1961, katika taasisi ya MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na majalada yake, ilibidi kila mmoja apewe jina lake na neno lake la siri. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wa uzamifu aitwaye Allan Scherr, ambaye alikuwa ametengewa saa chache tu kwa wiki, aligundua njia ya kuifanya mashine ichapishe orodha nzima ya maneno ya siri. Akaanza kuingia kwa majina ya wenzake ili apate muda zaidi. Wanafunzi wanaosoma makala haya wasije wakamwiga. Funzo lililopo ni kwamba mtu akishaingia kwa jina lako, matendo yake huwa yako.

Basi tuseme kila mwalimu amepewa akaunti yake. Je, kazi imekwisha? Bado. Swali la pili ni haki za kila mmoja. Chukua shule yenye walimu na wafanyakazi 40 na aina sita za kumbukumbu: alama, karo, mahudhurio, nidhamu, afya na anwani za wazazi. Kwa kila mtu na kila kumbukumbu kuna maamuzi mawili: je, aruhusiwe kusoma? Je, aruhusiwe kuandika? Hayo ni maamuzi 480. Hakuna naibu wa mwalimu mkuu mwenye subira ya kuyafanya yote, na ndiyo maana shule nyingi huishia kumpa kila mtu kila kitu.

Dawa yake ni makundi. Watu wakigawanywa katika makundi saba, yaani walimu wa masomo, walimu wa madarasa, wakuu wa idara, ofisi ya mitihani, uhasibu, wanafunzi na wasimamizi wa mfumo, maamuzi hupungua kutoka 480 hadi 84. Haki hupewa kundi, kisha mtu hutiwa katika kundi lake. Akija mwalimu mpya mwezi wa Mei, hatuanzi kuhesabu afanye nini na asifanye nini. Twamtia katika kundi la walimu wa masomo na siku hiyohiyo anaanza kazi. Mwalimu wa masomo akikabidhiwa darasa, anaongezwa katika kundi la pili. Akivuliwa wadhifa huo, anatolewa.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna sababu ya kuliogopa wazo hilo, kwa maana tumekuwa tukilifundisha miaka yote kwa jina la ngeli. Hatumfundishi mwanafunzi upatanisho wa kila nomino peke yake. Twamwambia kwamba kiti, kisu na kikombe vimo katika ngeli ya KI-VI, na papo hapo anajua kusema kiti kimevunjika na visu vimepotea. Neno kitabu lilipotoka katika Kiarabu na kuingizwa katika ngeli hiyo, lilipata wingi wake, vitabu, pamoja na upatanisho wake wote, bila mtu kuliandikia sheria yake peke yake. Hivyo ndivyo mwalimu mgeni anavyopaswa kupokewa katika hifadhidata.

Wataalamu wa tarakilishi walilifikia wazo hilo kwa hatua. Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa katika maabara ya Bell mnamo 1969, uliligawa kila jalada kwa watu wa aina tatu: mwenyewe, kundi lake na wengine wote. Mnamo 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo ningependa ibandikwe katika kila chumba cha walimu mahali pa lile neno la siri: kila mtumiaji apewe haki chache iwezekanavyo, zile tu anazohitaji kwa kazi yake. Mnamo 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn nao wakapendekeza haki zifungwe kwenye wadhifa, si kwenye mtu.

Kanuni hiyo ya haki chache huwaudhi baadhi ya walimu. Huuliza, "Kwani mimi siaminiki?" Swali hilo linakosea shabaha. Mhasibu anayepokea fedha hazikagui hesabu zake mwenyewe, na hakuna anayesema ametukanwa. Hali kadhalika, mwalimu wa Historia hana haja ya kubadilisha alama za Fizikia, wala mhasibu hana haja ya kujua ni mwanafunzi gani anayetumia dawa za kifafa. Mwalimu anayeingiza alama asiwe ndiye anayeziidhinisha. Mwanafunzi naye aone alama zake mwenyewe, asione za jirani yake, na asiweze kuandika chochote. Hata mwalimu mkuu hapaswi kushinda na akaunti yenye mamlaka yote. Atumie akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Neno la siri la msimamizi likae kwa watu wawili, na nakala yake ifungwe katika bahasha na kuhifadhiwa ndani ya sefu.

Swali la tatu ni la majina, na hapa ndipo penye kutuchekesha na kutuliza kwa pamoja. Mwalimu mmoja huandika "Kidato 2 Mashariki", wa pili "2 Mashariki", wa tatu "K2M", wa nne "kidato cha pili M". Sisi twajua ni darasa moja. Mashine haijui, na mwishoni mwa muhula huchapisha madarasa manne yenye wanafunzi pungufu. Majalada nayo huitwa "alama za mwisho", kisha "alama za mwisho kabisa", kisha "alama za mwisho mpya". Ni ipi kati ya hizo iliyo ya mwisho?

Cha ajabu ni kwamba walimu wa Kenya tayari ni mabingwa wa kanuni za majina. Katika mtihani wa KCSE, Kiswahili ni 102, Hesabu 121, Biolojia 231, Fizikia 232 na Kemia 233. Mwalimu wa Mandera na wa Kwale wakisikia 102/3, wote wawili wanajua ni karatasi ya fasihi. Nambari ya mtahiniwa ina tarakimu 11: nane za kwanza hutambulisha kituo, na tatu za mwisho humtambulisha mtahiniwa mwenyewe. Hakuna anayebishana nayo. Kwa nini basi tukirudi shuleni tunaandika kila mtu apendavyo?

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi. Mtoto mmoja huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika barua ya wadi, na Mohammed katika daftari la darasa. Jina Ng'ang'a lina vitone viwili vya juu ambavyo programu zilizoandikwa ovyo huvikataa, naye karani aliyechoka huandika Nganga ili mambo yaende. Wapo wanaotanguliza jina la ubatizo na wapo wanaotanguliza la baba. Tena katika kidato kimoja huweza kuwapo akina Mercy Achieng au akina Brian Kiprotich wawili. Msaada wa karo uliokusudiwa mmoja ukiandikwa kwa mwenziwe, yupo atakayerudishwa nyumbani bila hatia.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alipochapisha mnamo 1970 makala yaliyokuwa msingi wa hifadhidata nyingi za leo, alisisitiza haja ya kila rekodi kuwa na kitambulisho kisichofanana na kingine. Kwa shule, kitambulisho hicho ni nambari ya usajili. Jina liandikwe jinsi lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, pamoja na vitone vyake, lakini lisitumiwe kumtofautisha mtu na mwingine. Wizara ya Elimu ilipoanzisha mfumo wa NEMIS mnamo 2017, iliamua vivyo hivyo kwamba kila mwanafunzi awe na nambari yake ya pekee. Wapo wazazi waliotaabika kutafuta vyeti vya kuzaliwa wakati huo, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini wazo lenyewe la nambari moja kwa mtoto mmoja lilikuwa sahihi.

Jina la akaunti nalo lisibebeshwe mambo yanayobadilika. Akaunti iitwayo "kidato1kaskazini" itakuwa uongo mwezi wa Januari, na ile iitwayo "mkuuwaidara" itagombaniwa wadhifa ukibadilishwa. Turudi kwenye ngeli. Neno kiongozi lina umbo la KI-VI, ilhali twasema kiongozi amefika, si kimefika. Umbo la jina halikumpa haki yake, bali ngeli aliyotiwa. Basi jina la akaunti limtambulishe mtu tu, nacho cheo chake kionekane katika kundi alimo. Tarehe zianze kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe.

Mwalimu akihama au kustaafu, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, lakini isifutwe, wala asipewe mwalimu anayemrithi. Akipewa, mwaka ujao hatutajua alama za 2023 ziliandikwa na nani kati yao wawili.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya benki na mashirika makubwa, na kwamba shule yenye walimu tisa na mashine moja haina haja nayo. Nakubali kwamba shule kama hiyo haihitaji makundi saba. Matatu yatatosha. Lakini akaunti ya kila mtu haigharimu hata senti, na kupanga majina kunahitaji alasiri moja na karatasi moja. Tena shule ndogo ndiyo inayoumia zaidi tuhuma zikizuka, kwa sababu walimu tisa hawana pa kukwepana.

Aidha, sheria haiulizi ukubwa wa shule. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 humhakikishia kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hutaka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto huyo. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha zimegharimu kiasi hicho, shule itajibu nini siku taarifa za afya za wanafunzi zitakapopatikana mitaani, na mashine ikasema aliyezichukua ni "ofisi"?

Napendekeza basi kwamba kabla ya muhula ujao kuanza, kila shule iwaketishe pamoja naibu wa mwalimu mkuu, msimamizi wa mitihani, mhasibu na mwalimu mmoja wa kawaida. Waandike kwenye karatasi majina ya makundi, haki za kila kundi, na kanuni za kuandika majina ya madarasa, masomo na watu. Karatasi hiyo ipitishwe katika mkutano wa walimu, na kila mwisho wa muhula ilinganishwe na orodha ya akaunti zilizo wazi. Fundi aitwe baada ya hapo, aambiwe la kufanya, badala ya yeye kutuambia sisi.

Nanyi wanafunzi, mnaotaka sasa hivi kumwazima rafiki neno lenu la siri kwa sababu tu amesahau lake, kumbukeni kwamba mnamwazima sahihi yenu. Mwalimu naye anayemtuma kiranja aingize alama kwa akaunti yake ajue kwamba siku mambo yatakapoharibika, jina litakaloonekana si la kiranja.